Nyasi Nilizomtandikia Shangazi Koku

Pale Kayanga ninapofanyia kazi, kila baada ya wiki kadhaa huja kijana mmoja na fyekeo lake kufyeka uwanja wa ofisi yetu. Kabla hata sijamwona, harufu huwa imeshaingia dirishani: nyasi mbichi, zimekatwa sasa hivi, bado zina umande. Wenzangu huivuta kwa raha na kusema hewa imekuwa nzuri. Mimi huweka kalamu chini. Harufu ile hunirudisha Ihanda, nyumbani kwa Bibi, Krismasi moja nilipokuwa na miaka tisa, na kila mara hutamani kumpigia simu Shangazi Koku hata kama hatuna jipya la kuambiana.

Ngoja kwanza nikueleze tulivyoishi. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa lenye makazi ndani yake, kilikuwa na nyumba mbili. Ya mbele ilikuwa yetu, yenye sakafu ya saruji ambayo Mama aliringa nayo. Ya nyuma ilikuwa ya Bibi, mama mzazi wa Baba. Sakafu yake ilikuwa ya udongo, ikisiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe mpaka inakuwa laini na baridi, na nilipenda kuikanyaga peku kuliko ile ya kwetu. Humo Bibi aliishi na kitinda mimba wake, Shangazi Koku, ambaye surua ilimpofusha akiwa na miaka mitatu. Wakati huu ninaousimulia alikuwa na miaka ishirini na miwili, na hakuwa amewahi kumenya ndizi hata moja.

Usije ukadhani alinyanyaswa. Alipendwa, na hapo ndipo ilipokuwa kazi. Kwetu, ukimwacha asiyeona achote maji au akoke moto, majirani watasema umemgeuza mtumwa ndani ya nyumba ya baba yake. Heshima ya familia ilikuwa kumkalisha Shangazi mkekani, ameoga, amepakwa mafuta, amefungwa kitenge kizuri, asinyanyue hata kikombe. Mgeni akija, Bibi alimfunulia viganja vya bintiye ili avione vilivyo laini. "Huyu hajashika jembe, waitu," alisema, akiongeza lile neno letu la adabu kwa kujisikia kabisa.

Na mimi ndiye niliyekuwa macho ya Shangazi. Nilimpeleka chooni, nilimnawisha, nilimtolea samaki miiba, nilimmegea ndizi na kumtia mkononi. Mtu akipita njiani nilimwambia ni nani na amevaa nini, na kama nguo ilikuwa mbaya nilisema pia, tukacheka. Shuleni nilikuwa mtoto wa kawaida tu, hesabu zikinipiga chenga kila muhula. Nyumbani nilikuwa karibu na malaika. Wanawake waliotoka kanisani walinishika kichwa na kusema, "Asimwe, Mungu atakubariki kwa unavyomtunza shangazi yako," nami nikainamisha uso kwa unyenyekevu wa uongo.

Kisha akaja Mwalimu Yustina. Alikuwa mama mnene, mfupi, mwenye buti za mpira na baiskeli ya kiume, na kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kwa vijana wenye ulemavu, kuwafundisha kujihudumia na kuishi kwa mikono yao. Mtu wa parokia ndiye aliyemwelekeza kwetu. Siku ya kwanza Bibi alimkaribisha, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama inavyotakiwa, akaanza kumweleza habari za Koku. Mwalimu alitafuna, akasikiliza, halafu akageukia mkekani.

"Koku, hujambo mdogo wangu. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Bibi akafungua kinywa ili ajibu. Mwalimu akanyoosha kiganja kumzuia. Nikaona aibu, maana sikuwa nimewahi kusikia mtu akimuuliza Shangazi swali la namna hiyo.

"Nataka nyumba yangu," akasema Shangazi.

Tulicheka wote, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Mwalimu hakucheka. Alitema ganda la kahawa mkononi, akasema nyumba ina kazi nyingi, kwa hiyo tuanze na chai.

Kila Jumanne baiskeli yake iliegemezwa kwenye mgomba wa mbele. Alimfundisha Shangazi kumimina chai kwa kusikiliza sauti ya kikombe kinavyojaa. Alimfundisha kujua maharage yameiva kwa harufu na kwa kubonyeza moja kwa kidole, na kumenya ndizi kwa kuanzia kwenye kikonyo, kisu kikitembea kuelekea nje. Siku Bibi alipoona utomvu mweusi wa ndizi kwenye vile vidole alivyovitunza miaka ishirini, alilia kabisa. Mwalimu akamwacha alie mpaka amalize, kisha akampa Shangazi ndizi nyingine.

Kitu cha ajabu zaidi kilikuwa sakafuni. Mwalimu alikanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, akafinyanga tuta jembamba, unene wa kidole gumba, likatoka mlango wa nyuma, likapita sebuleni na kuishia kwenye meza ya chai. Lingine lilitoka meza mpaka kitandani. Shangazi alitembea ubavu wa mguu ukiligusa tuta, na lilipoisha alijua amefika. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda na kurudi akiimba. Hakuhitaji mtu wa kumshika mkono.

Huyo mtu, msomaji wangu, nilikuwa mimi. Kila nilipomwona anapapasa kikombe nilikurupuka kumpa, na Mwalimu akaniambia bila ukali, "Asimwe, kalia mikono yako." Nikaikalia kweli, juu ya kigoda, mpaka ikafa ganzi. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote wa miaka tisa. Niliomba mvua inyeshe kila Jumanne, na ikinyesha alikuja na mwavuli.

Miezi ikapita, na habari ya nyumba haikuwa kichekesho tena. Baba alisema Shangazi akiweza jiko, atamkatia kipande mwisho wa kibanja na kumjengea vyumba viwili. Lakini kibanja kilikuwa cha ukoo, na hakikukatwa bila Baba mkubwa, kaka yake Baba aliyeishi Kihanga. Baba mkubwa alikuwa mtu mwema na mzito, ambaye akisema hapana alikuwa hasemi mara ya pili. Alikuwa anakuja kula Krismasi. Shangazi akaamua kwamba siku hiyo yeye mwenyewe atapika chai jikoni, ataibeba mpaka mezani na kummiminia kaka yake bila mkono wa mtu. Akiona kwa macho yake, alisema, hatakuwa na la kubisha. Kila kitu kilitegemea birika moja.

Sasa nifike kwenye nyasi. Kwetu, Krismasi ilikuwa haijafika mpaka nyumba imetandikwa nyasi. Siku moja kabla, watoto wa kike tulipanda rweya, ule uwanda wa wazi wa malisho, tukakata zile laini ndefu na kushuka na matita kichwani. Zikitandazwa sakafuni nene, nyumba ya udongo inanukia na kung'aa, na mgeni akiingia anavua viatu kwa heshima. Mwaka ule Mwalimu alikuwa amemwomba Bibi asitandike, kwa sababu nyasi zingefunika tuta. Bibi alinuna, akaona kama ameambiwa apokee wageni uchi, lakini akakubali. Mikeka pembeni ingetosha. Niliyasikia yote hayo. Nilikuwa palepale, nimekalia mikono yangu.

Na bado nilileta tita langu na kulificha nyuma ya banda la mbuzi.

Krismasi tulipotoka kanisani, Shangazi alikwenda moja kwa moja jikoni, kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Bibi. Wageni walianzia kwetu, kwenye saruji ya Mama, wakisalimiana ile salamu yetu ndefu inayouliza mpaka habari za ng'ombe. Nikachomoka. Nilitandika sebule ya Bibi peke yangu, haraka na kwa ustadi, nene mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilijiambia ni zawadi. Nilijiambia Bibi atafurahi, na kweli alifurahi: aliingia na Baba mkubwa, akasimama mlangoni, akashika mashavu. "Nani kaniondolea aibu?" akauliza, nami nikainua mkono. Baba mkubwa akavua viatu, akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu kwenye ubichi ule, akanisifu kwa jina. Baba na Mama walikuwa bado uani wakipokea wengine.

Kisha mlango wa nyuma ukafunguka na Shangazi akaingia na birika, mvuke ukimpanda usoni. Alikuwa amevaa gauni jipya la bluu. Aliweka mguu wa kwanza kwenye nyasi, akasimama.

Niliona kidole gumba cha mguu wake kikichimba taratibu, kikitafuta tuta. Kikaenda kushoto, kikarudi. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwake, na tuta nilijua lilipo, maana ni mimi niliyelifukia. Neno moja tu lingetosha. Sikulisema. Nilikuwa nangoja aniite, kama zamani: "Asimwe, uko wapi, njoo unishike." Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha ya kungoja jina langu.

Hakuniita. Aliinua kidevu, akatembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne ikagonga mguu wa benchi. Birika likainama, chai ya maziwa iliyokuwa inachemka ikamwagikia mguu wake wa kushoto na kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, birika bado mkononi, akalisimamisha wima pembeni yake ili kilichobaki kisimwagike.

Baba alimbeba mpaka zahanati kwenye baiskeli. Jioni aliporudishwa amefungwa bendeji, Baba mkubwa alikuwa amevaa viatu vyake. "Basi," alisema. "Mmemfanyia mchezo vya kutosha. Mwacheni akae, atunzwe." Alimuuliza Shangazi ilikuwaje, naye akajibu, "Niliteleza, Kaka." Hakuna aliyezitaja nyasi, hata Bibi aliyekuwa ameonywa. Kila mtu aliona amekosa njia kwa sababu haoni, na hawakuhitaji sababu nyingine.

Baba akampelekea Mwalimu ujumbe kwamba asije tena. Shangazi akarudi mkekani. Na mimi nikarudishiwa kazi yangu yote, ya kunawisha na kumega na kuongoza. Ndilo nililokuwa nimelitaka. Lakini mkono alionipa ulikuwa hauna mtu ndani yake. Nikimwambia nani anapita na amevaa nini, alisema "haya," basi. Haikupita wiki moja nikaanza kuikwepa ile nyumba niliyoipenda.

Nilivumilia mpaka shule zilipofunguliwa. Asubuhi moja nilimfuata Baba migombani, alikokuwa anakata majani makavu, nikamwambia huku nikilia kwamba nyasi zilifunika tuta na nilijua zitalifunika. Nilingoja fimbo. Baba aliweka panga lake chini, akanishika mkono tukaenda kwa Bibi. Nyasi zilikuwa zimeshafagiliwa. Akavua buti, akafumba macho, akaweka mguu kwenye tuta na kutembea kutoka mlangoni mpaka mezani bila kugusa kitu. Halafu akaniagiza nilete majani ya migomba, nitandaze juu, akarudia. Aligonga ugoko kwenye lile benchi kwa kishindo, akasema neno la Kinyambo, lugha yetu, ambalo sitaliandika. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, nikasikia Shangazi anacheka kutoka chumbani.

Baba alikwenda Kihanga mwenyewe. Sijui walizungumza nini wanaume wale, ninachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata Baba mkubwa alikuja, na Bibi, ambaye alikuwa mama yake na hakumwogopa, alimwambia avue viatu na afumbe macho. Akakataa. Bibi akasema basi na yeye hatampa chakula. Mtu mzima yule, na mvi zake, akatembea kwenye tuta amefumba macho na mikono mbele, midomo imebana, akafika mezani. Alipofumbua macho alibaki anatazama sakafu. Kisha Shangazi akaingia na birika, mguu wake bado una kovu bichi, akamimina, akasikiliza, akaacha kumimina palipostahili. Baba mkubwa alikunywa vikombe viwili. Alipokuwa anaondoka, akiwa juu ya baiskeli tayari, alimwambia Baba kwamba nyumba za wanawake zisielekezwe upande wa mvua, mlango utazame mashariki.

Mwalimu Yustina akarudi Jumanne. Alinisalimia kama kawaida. Nilimwambia shikamoo ya kweli, ya kwanza kumpa tangu nimfahamu, na akaniachia nimbebee mfuko wake mpaka ndani.

Vyumba viwili vikajengwa. Shangazi amekaa humo mpaka leo, anapika, anafuga mbuzi anaowajua kwa milio yao, na amekwisha kuwafundisha vijana wengine wawili wasioona, mmoja wa Kituntu na mwingine wa huko Kyerwa, kumenya ndizi na kutengeneza tuta. Lakini mimi nilibaki na siri moja. Kwa Baba nilikuwa nimekiri nusu. Ya nyasi niliisema. Ya kusimama pale na kunyamaza makusudi sikuisema kwa mtu yeyote, na miaka ilivyozidi kwenda ndivyo ilivyokuwa nzito.

Mwaka juzi, nikiwa tayari mke wa mtu, nilikwenda kumtembelea na nikaamua kuitoa. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye jua la asubuhi, anachambua maharage kwenye ungo, vidole vyake vikitupa mawe pembeni.

"Shangazi, siku ile ya chai niliona unatafuta tuta. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uniite."

Vidole havikusimama. "Nilikusikia," alisema. "Ulikuwa karibu na dirisha, una mafua, unapumua kwa mdomo."

"Kumbe ulijua nipo?"

"Nilijua. Nikawaza, nikimwita Asimwe, Kaka atasema siwezi bila mtoto. Nikirudi jikoni, atasema nimeogopa. Nikahesabu hatua kichwani, nikaona nitafika. Nikakosea moja."

Nilikuwa nalia. Nilimwambia kosa halikuwa lake, lilikuwa langu mimi, nimelibeba miaka yote hii, nimekuja anisamehe. Hapo ndipo alipoweka ungo chini.

"Nyasi ni zako, na nilishakusamehe kabla mguu haujapona," alisema. "Ila kutembea nilitembea mimi. Nyie mlinifanyia kila kitu katika nyumba ile, Asimwe, mpaka ndizi mkanimenyea. Kosa langu niachie."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeisimulia siku ile moyoni kama siku niliyomharibia Shangazi, na katika masimulizi hayo yeye alikuwa mtu aliyefanyiwa tu: amefukiwa tuta, ameunguzwa, ameokolewa na kukiri kwangu. Sikuwa nimeona kwamba pale mlangoni, na birika la moto mkononi, alisimama mwanamke mzima anapima mambo yake na kuamua. Mwalimu Yustina alikuwa amejua hilo tangu swali lake la kwanza. Mimi nilihitaji zaidi ya miaka ishirini, na bado asubuhi ile nilikuwa nimekuja kumbebea mzigo ambao hakuniomba. Nawashukuru wote wawili, na ninamshukuru Shangazi zaidi, kwa sababu angeweza kuniacha niendelee kujilaumu na mimi ningeuita upendo. Nilifuta uso kwa ncha ya kitenge, nikamwambia, "Sawa, Shangazi. Ni lako."

"Asante," akasema, na akauvuta ungo mapajani.